Mama Zetu Wazee na Udhuru wa Mkojo

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanajumuiya, Rumonge)

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujiwezi, akatupa nguvu, na amtakaye akamzeesha. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.



Ama baada ya haya. Nimetakiwa niseme machache katika siku hii ya kumbukumbu ya jumuiya yetu. Najua wengi mnatazamia nitaeleza habari za wazee waliotutangulia katika mwambao huu wa Tanganyika, na vyuo walivyovisimamisha. Habari hizo wako wanaozijua kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo ambalo sijapata kulisikia likitajwa hadharani katika mji huu, nalo ni udhuru wa mkojo unaowapata mama zetu wanapozeeka. Naomba asiwepo wa kucheka wala wa kuinamisha uso. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Ikiwa wao hawakuona haya kuuliza, sisi tusione haya kujibu.

Nitaanza kwa kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika mwezi wa Shaaban, nilisomesha mlango wa tohara. Nikaieleza ile hadithi ya makaburi mawili ambayo Mtume (S.A.W.) alipita karibu nayo, akaeleza kuwa mmoja wa waliomo anaadhibiwa kwa kutojihadhari na mkojo. Hadithi hiyo ni sahihi, na ni wajibu kuisomesha. Lakini mimi niliipandishia sauti. Nikasema kuwa nguo iliyoingiwa na mkojo haisaliwi, nikafunga kitabu. Mlango wa pili, ule wa mwenye udhuru, sikuufungua. Nilidhani kuwa watu wakitishwa ndipo watakapotakata.

Basi baada ya darsa ile mama yangu mdogo hakuonekana tena msikitini. Mama huyu ndiye aliyenilisha nilipokuwa mtoto wa chuoni. Alikuwa akiuza mawese na ndagala sokoni, na darsa ilikuwa haimpiti. Nilipouliza, niliambiwa kuwa magoti yanamsumbua. Ikaingia Ramadhani, tarawehe zikasaliwa, yeye hayupo. Baada ya Idi nilikwenda kumwamkia. Nikamkuta amekonda, midomo imekauka. Mjukuu wake akanong'ona kuwa bibi hanywi maji mchana kutwa, ingawa mwezi wa kufunga umekwisha. Nikamdadisi sana. Alinyamaza kitambo, kisha akasema:

"Mwanangu, wewe mwenyewe ulisema nguo yenye mkojo haisaliwi. Mimi nikikohoa hunitoka, nikiinama hunitoka, na wakati mwingine hunitoka nikisikia maji yakimiminwa. Nimefua mpaka nimechoka. Basi nimeacha."

Nikamwuliza, "Umeacha nini, mama?"

Akasema, "Sala."

Ndugu zangu, mama huyu amesali kwa zaidi ya miaka hamsini. Amesali safarini na katika misiba. Vita havikumwachisha, njaa haikumwachisha. Aliyemwachisha ni mwalimu wake, kwa kumpa nusu ya elimu. Tangu siku ile nimezungumza na wakunga na madaktari, na nimevirudia vitabu vyangu vya Fiqhi. Haya nitakayoyasema ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tuujue mwili. Kibofu ni mfuko wa misuli unaopokea mkojo kutoka katika figo kidogo kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya huchukua kiasi cha nusu lita hivi. Kinapojaa hupeleka habari katika ubongo, na ubongo hukiambia kisubiri mpaka mtu afike mahali pa haja. Chini ya kibofu uko mrija wa kutolea mkojo. Mrija wa mwanamume una urefu wa sentimita 20 hivi, lakini wa mwanamke ni sentimita 4 tu. Kwa hiyo mwanamke hana mrija mrefu wa kumsaidia kuzuia; hutegemea zaidi misuli inayoufunga mrija huo, na ile misuli mipana iliyotandwa chini ya nyonga, ambayo hukibeba kibofu na kizazi kama vile kamba za kitanda zinavyombeba mwenye kulala.

Nyote mnakijua kitanda cha kamba. Kikilaliwa miaka mingi kamba hulegea. Mwanamke aliyezaa watoto saba au wanane, akabeba kuni, akateremsha mikungu ya michikichi kutoka mlimani na kupandisha ndoo za maji kutoka ziwani, kamba zake zimefanya kazi kubwa. Kisha hufika umri wa miaka 50 hivi, hedhi ikakatika. Hapo mwili hupunguza sana homoni iitwayo istrojeni, ambayo ilikuwa ikiilisha ngozi laini ya mrija na sehemu zilizo karibu nao. Ngozi hiyo huwa nyembamba na kavu, mrija haufungi sawasawa kama zamani, na vijidudu hupata njia rahisi ya kuingia. Kibofu nacho hubadilika. Hakinyumbuki kama zamani; mara nyingine hujikaza kabla hakijajaa, na mara nyingine hakiishi mkojo wote, bali huacha masalio ndani. Na figo za mzee hutengeneza mkojo mwingi zaidi usiku kuliko zilivyokuwa zikifanya ujanani.

Kutokana na hayo, shida za mama zetu ni za namna mbalimbali. Yuko ambaye mkojo humtoka anapokohoa, anapocheka, anapoinua mzigo au anapoinuka katika kusujudu. Huyo kamba zake zimelegea. Yuko ambaye hushikwa na haja ghafula, na kabla hajafika mlangoni imekwisha kumtoka. Huyo kibofu chake kina haraka. Wengi wana yote mawili. Na yuko ambaye huamka mara tatu au nne usiku, akatoka nje gizani kwenda chooni, akajikwaa, akavunjika nyonga. Tunasema bibi alianguka. Hatuulizi alikuwa akienda wapi.

Hapa yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Yuko mwanamke ambaye mkojo humtiririka mfululizo, usiku na mchana, tangu alipopata uchungu wa siku nyingi katika kuzaa. Huo si uzee, na huenda akawa ni binti wa miaka 18. Hiyo ni fistula, yaani tundu lililotoboka baina ya kibofu na njia ya uzazi, na hutibiwa kwa kupasuliwa. Katika nchi yetu, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo huko Gitega mwaka 2010 kwa ajili ya wanawake hao, wakakiita Urumuri, yaani Mwanga. Basi akitokea mwanamke wa namna hiyo asiambiwe kuwa amelogwa wala ana jini. Apelekwe hospitali.

Na hata huyu aliyezeeka, si haki kumwambia, "Ni uzee tu, vumilia." Uzee huifungulia njia shida hii, lakini si kila mzee hupatwa nayo, na wengi katika waliopatwa nayo hupata nafuu. Wanavyuoni wetu hawakuona ni jambo la kudharauliwa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaandika maradhi ya kibofu na ya mkojo katika kitabu chake cha Qanun. Na katika zama za karibu, mwaka 1948, daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel alieleza kuwa misuli ile ya chini ya nyonga huweza kutiwa nguvu kwa mazoezi, kama vile mkono unavyotiwa nguvu kwa kazi. Kwa maneno mengine, kamba za kitanda huweza kukazwa.

Mazoezi yenyewe hayana gharama. Mama akiwa ameketi au amelala, aibane misuli ile kama anayezuia upepo usimtoke na kama anayeukata mkojo. Asibane tumbo wala mapaja, wala asizuie pumzi. Ahesabu mpaka 5, kisha alegeze kwa muda kama huo. Afanye hivyo mara 10. Akizoea, ahesabu mpaka 10. Wakunga hushauri yafanywe mara tatu kila siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Mimi niliwaambia mama zangu: baada ya kuleta uradi, usiondoke kwenye mkeka mpaka umefanya kumi zako. Sisemi kuwa jambo hilo ni ibada wala ni sunna. Nasema tu kuwa sala ni saa ambayo haitusahaulishi. Na anayejua kuwa anakaribia kukohoa au kuinua ndoo, abane kwanza.

Mwenye kibofu cha haraka akizoeze subira. Haja ikimshika, asikimbie. Asimame au aketi, abane mara kadhaa mpaka wimbi la kwanza lipite, ndipo aende. Aongeze dakika chache kila wiki kati ya haja na haja. Chai ya rangi na kahawa hukichokoza kibofu, basi apunguze, hasa baada ya Magharibi. Lakini maji asiyaache. Hapa ndipo mama yangu alipojidhuru, na wengi hujidhuru hivyo hivyo. Asiyekunywa maji, mkojo wake huwa mkali, huchoma kibofu na kukizidishia haraka; choo huwa kigumu, na choo kigumu hukikandamiza kibofu. Anywe mchana kwa kadiri ya kiu na joto letu hili la ziwani, na apunguze saa mbili au tatu kabla ya kulala. Mwenye miguu inayovimba aiinue alasiri, ili maji yale yasingojee usiku. Mwenye dawa za presha za kukojoza amwulize daktari kama aweza kuzinywa asubuhi, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Ziko dalili ambazo hazingoji: damu katika mkojo, kuchomwa wakati wa kukojoa pamoja na homa, mkojo kukataa kutoka, kiu kali na kukojoa kupita kiasi ambako huenda ni kisukari, au kitu kushuka katika tupu, kwani kizazi huweza kushuka. Na mzee anayeanza kuchanganyikiwa kwa ghafula pia apelekwe kwa daktari upesi. Wako wanaotibiwa kwa vidonge, wako wanaopewa dawa ya kupaka yenye ile homoni kwa kiasi kidogo, wako wanaowekewa pete ya kushikilia kizazi, na wako wanaopasuliwa. Mwaka 2006 serikali yetu iliamua kuwa matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 na gharama za uzazi ziwe bure. Lakini bibi si mtoto, wala hazai tena. Nauli yake na dawa yake vimo mifukoni mwetu sisi wanawe.

Sasa nirudi kwenye mlango nilioufunga siku ile. Wakati wa Mtume (S.A.W.) Bibi Fatima binti Abi Hubaysh alikuwa akitokwa na damu isiyokatika. Alikwenda kuuliza kama aache sala. Akajibiwa kuwa hiyo si hedhi, na akafundishwa namna ya kujisafisha na kusali. Juu ya msingi huo wanavyuoni wamempima mwenye mkojo usiozuilika. Na imepokewa kuwa Zayd bin Thabit, yule mwandishi wa wahyi aliyekabidhiwa kazi ya kuikusanya Kurani, alipokuwa mzee alipatwa na udhuru huu. Akawa anautibu kadiri awezavyo, na ukimshinda hutawadha akasali. Basi mama zangu, mkipatwa na haya mmepatwa na lililompata mtu wa cheo kile.

Hukumu yenyewe, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, ni hii. Ikiwa mkojo humtoka mtu mara moja moja, kwa kikohozi au kwa mzigo, na katikati upo wakati wa kumtosha kutawadha na kusali, basi yeye ni kama watu wengine: aoshe palipoingiwa, atawadhe, asali. Lakini ikiwa haumpi nafasi hiyo, angoje wakati wa sala uingie, ajisafishe, avae kitambaa safi akikaze, atawadhe, kisha asali bila ya kukawia. Kungojea jamaa au kujisitiri si kukawia. Ukimtoka baada ya hapo, hata ndani ya sala, sala yake ni sahihi, wala hailipi. Atasali kwa udhu huo faradhi moja na sunna azitakazo. Faradhi nyingine ikiingia, ajisafishe upya, abadili kitambaa, atawadhe tena. Na akiwa mkojo humtoka akisimama, lakini akiketi huzuilika, basi asali ameketi. Wako pia wanavyuoni, katika madhehebu ya Imam Ahmad, waliomruhusu mwenye udhuru huu kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha.

Na asiyekuwa na yakini kuwa umemtoka, bali ni shaka tu, asiisikilize shaka. Yakini haiondolewi na shaka. Mwenye kuchungulia nguo yake kila rakaa amejifungulia mlango wa wasiwasi, na wasiwasi hauna mwisho.

Nina neno jingine, nalo ni kwenu nyinyi vijana na nyinyi mabwana. Mnaikumbuka habari ya yule bedui aliyekojoa ndani ya Msikiti wa Mtume. Watu walimkemea, Mtume (S.A.W.) akawakataza wasimkatize, na alipomaliza akaagiza ndoo ya maji ikamiminwa mahali pale. Ikiwa huo ndio ulikuwa upole wake kwa mgeni aliyefanya kwa makusudi, utakuwaje upole wetu kwa mama aliyetuzaa, ambaye linamtoka bila ya kutaka? Mwenyezi Mungu ametukataza kuwatolea wazazi wetu waliozeeka hata sauti ndogo ya kuchukizwa. Na pua iliyokunjwa mlangoni mwa chumba cha bibi ni sauti hiyo hiyo.

Mnaona jinsi mama hawa wanavyojificha. Hukataa kwenda harusini. Kukitokea msiba Buyenzi, hukataa kupanda gari kwenda Bujumbura, kilomita zipatazo 75, kwa kuwa wanaona haya kumwomba dereva asimame. Tunasema wamekuwa wakaidi. Kumbe wanailinda heshima yao kwa njia pekee waliyobakiwa nayo.

Basi naiomba jumuiya mambo manne, nayo hayashindi uwezo wetu. La kwanza, upande wa wanawake wa msikiti uwe na choo karibu na mahali pa kutawadhia, chenye mlango unaofungwa, taa, na kiti cha kuketia kwa asiyeweza kuchutama. La pili, safu iliyo karibu na mlango iachiwe mama wazee, wala wasiulizwe kwa nini wanatoka. La tatu, awepo mwanamke mmoja mwenye elimu na mkunga mmoja, wakutane na mama hawa peke yao mara moja kila mwezi, kwa maana yako mambo wasiyoweza kumwambia sheikh. La nne, kila nyumba yenye mzee iwe na chombo cha haja ndani ya chumba kwa ajili ya usiku, na taa iliyo karibu na mkono wake. Chombo hicho akimwage mjukuu asubuhi, wala asione ni kazi ya aibu. Yeye alipokuwa mchanga, bibi huyo alimfulia nguo zake bila ya kuhesabu.

Mtaniuliza habari za mama yangu mdogo. Nilimweleza hukumu hii siku ile ile, kisha nikamwomba radhi. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mbona hukusema siku ile?" Sikuwa na jibu. Alipelekwa hospitali, akapimwa, akafundishwa mazoezi. Hakupona kabisa, lakini amepata nafuu kubwa, na maji anakunywa. Sala zilizompita anazilipa kidogo kidogo. Leo yuko hapa pamoja nasi, karibu na mlango, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa niyaseme haya. Aliniambia, "Sema, ili asiwepo mwingine wa kuacha."

Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na kila mwalimu aliyesomesha onyo akasahau ruhusa. Awape mama zetu afya na sitara, awakubalie sala zao wakiwa wima na wakiwa wameketi, na atujaalie tuwatendee wema kabla hawajatutoka. Amin.